Kwa nini daktari wako ameagiza picha ya vena kabla ya upasuaji wa sakafu ya fuvu

Wateja wanaofika kituoni kwetu na barua ya daktari wa upasuaji wa ubongo huuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini walipie picha nyingine ilhali MRI imekwisha kuonyesha uvimbe. Picha ile ilitafuta uvimbe. Hii inatafuta vena, yaani mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye ubongo kuelekea moyoni.

Uvimbe ulio kwenye sakafu ya fuvu haufikiwi bila kupita kando ya mishipa hiyo. Mmojawapo ni vena ya Labbé, inayokusanya damu ya sehemu ya ubongo iliyo juu ya sikio na kuimwaga katika mfereji mkubwa ulio nyuma yake. Vena hiyo ikikatika, au ikibanwa kwa muda mrefu na vyombo vya upasuaji, damu huendelea kuingia kupitia ateri, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, lakini hukosa pa kutokea, hivyo ubongo huweza kuvimba na hata kuvuja damu. Ikiwa ni upande wa kushoto, ambao kwa watu wengi ndio unaoongoza lugha, mgonjwa anaweza kushindwa kuzungumza, pengine siku kadhaa baada ya kuzinduka vizuri.

Vena hazifanani kwa watu wote. Kwa wengi, mfereji huo wa upande wa kulia ni mkubwa kuliko wa kushoto, na wapo ambao ule wa kushoto ni mwembamba mno. Kwao, kuziba wa kulia ni kufunga mlango pekee wa nyumba. Daktari anayelijua hilo mapema huweza kubadili njia ya kuingilia, kupunguza maji ya ubongo ili ubongo ulegee bila kuvutwa sana, na kuilowesha vena kwa maji ya chumvi isikauke chini ya taa ya darubini. Wakati mwingine huacha kipande cha uvimbe kilichogandamana na vena, kikafuatiliwa au kutibiwa kwa mionzi. Ndugu hulalamika kwamba kazi haikumalizwa. Kwa maoni yetu, mara nyingi huo ndio uamuzi wa busara.

Kwa CT ya vena, yaani picha ya vena inayopigwa kwa eksirei za kompyuta, tunachoma mkononi dawa ya rangi inayofanya mishipa ionekane, kwa hiyo njoo na majibu ya kipimo cha figo, na utueleze kama una mzio, ujauzito au unatumia metformini (dawa ya kisukari). Tafadhali leta pia CD ya picha za awali, si ripoti peke yake, kwa sababu MRI isiyo na dawa ya rangi huweza kuonyesha vena kana kwamba imeziba mahali ambapo damu inapita polepole tu.