Jedwali la −2 hadi 2 halitoshi kwa kila mlinganyo

Bwana Mhariri,

Ukurasa wenu wa mazoezi ya hisabati unasomwa sana hapa Lubumbashi. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaukata na kuubandika kwenye kaye zao wakijiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na ndiyo sababu tumeona tuandike. Kila linapokuja zoezi la kuchora mlinganyo, jibu lenu linaanza vilevile: jedwali lenye x sawa na −2, −1, 0, 1, 2, nukta tano, kisha mstari wa kuziunganisha. Madarasa mengi nayo yanafundisha hivyohivyo. Kwa y = x + 1 hakuna ubaya. Kwa milinganyo mingine mingi jedwali hilo linampotosha mtoto asijue kwamba amepotoshwa, maana hesabu zake zote ni sahihi.

Chukueni jambo linalojulikana kila mtaa wa Katuba na Kenya, komuni mbili za mji wetu. Tanki la lita 1000 limejaa, watu wanateka kwa bidoni za lita 20. Zikishatoka bidoni x, maji yaliyobaki ni y = 1000 − 20x. Wekeni −2 hadi 2: mnapata 1040, 1020, 1000, 980, 960. Tayari tanki la lita 1000 lina lita 1040, na kuna bidoni zilizotekwa chini ya sifuri! Mhimili wa y ukianzia sifuri, nukta hizo tano zinakaa karibu usawa mmoja, na mwanafunzi ataapa kwamba tanki hilo halipungui.

Anayeusoma mlinganyo kabla ya kushika penseli anauliza mawili. x ikiwa 0, y ni ngapi? Ni 1000. y ikiwa 0, x ni ngapi? Ni 50. Hapo ameshajua karatasi yake itakavyokaa: mhimili wa x kutoka 0 mpaka 50, wa y kutoka 0 mpaka 1000. Kwenye karatasi ya milimeta, sentimeta 1 ya mlalo iwe bidoni 5, sentimeta 1 ya wima iwe lita 100, na mchoro wote unaingia katika sentimeta 10 kwa 10. Kisha atafute nukta ya tatu: x = 25 lazima itoe 500. Nukta mbili hukubali rula siku zote, hata moja ikiwa imekosewa. Ya tatu ndiyo shahidi. (Anayetaka haki kamili atasema bidoni haitekwi nusu, kwa hiyo mchoro ni nukta 51 zisizounganishwa. Ana haki. Mstari usiokatika unafaa pale maji yanapotoka kwa bomba, lita 20 kila dakika.)

Mlinganyo ukija kwa sura ya 2x + 3y = 12, msiwalazimishe watoto kuibakiza y peke yake kwanza. Hapo ndipo alama ya kutoa inapopotea, y = 4 − 2x/3 ikageuka kuwa 4 + 2x/3, na mstari uliopaswa kushuka ukapanda. Funika x kwa kidole: 3y = 12, y ni 4. Funika y: x ni 6. Shahidi ni (3; 2), maana 6 na 6 ni 12.

Balaa kubwa liko kwenye parabola, mkunjo wa milinganyo yenye x². Mtoto aliyepewa y = x² − 6x + 5 anajaza jedwali lenu na kupata 21, 12, 5, 0, −3. Anaziunganisha, anaona kitu kinachoshuka kutoka kushoto kwenda kulia, basi. Mahali parabola inapogeuka hajapaona kabisa, kwa sababu pako x = 3, nje ya jedwali lake. Dawa yake ni mstari mmoja wa hesabu: chukua namba iliyo mbele ya x, igeuze alama, igawe kwa mara mbili ya namba iliyo mbele ya x². Hapa ni 6 kugawa kwa 2, yaani 3. Kwa x = 3, y ni 9 − 18 + 5 = −4. Jedwali lianzie hapo na kwenda pande zote mbili sawasawa, x kutoka 0 mpaka 6: 5, 0, −3, −4, −3, 0, 5. Angalieni namba zinavyorudi nyuma kwa mpangilio uleule. Zisiporudi, kuna kosa, na mwanafunzi amelikamata kabla mwalimu hajaliona.

Kosa lenyewe mara nyingi ni la kikokotoo. Kwa x = −2, akibonyeza −2² bila mabano, mashine nyingi zinampa −4 badala ya 4, kwa kuwa zinapiga kipeo kwanza ndipo ziweke alama ya kutoa. Jibu linakuwa 13 mahali pa 21. Mabano kila namba inapokuwa chini ya sifuri, bila kujadiliana. Jingine ni rula: parabola inachorwa kwa mkono, na kitako chake ni cha mviringo. Chenye ncha kama herufi V ni makosa, na kilicholala bapa kati ya nukta mbili ni makosa vilevile.

Kuna milinganyo ambayo jedwali la namba nzima linaifanyia hila kabisa. Kwa y = x³ − x mnapata −6, 0, 0, 0, 6. Sifuri tatu mfululizo! Wanafunzi wengi wanapitisha rula juu ya mhimili kutoka −1 mpaka 1. Jaribuni −0,5: y ni 0,375. Jaribuni 0,5: ni −0,375. Kumbe mkunjo unapanda juu ya mhimili, unapita sifuri, unazama chini, ndipo unapanda tena. Na kwa y = 4/(x − 1), x = 0 inatoa −4 na x = 2 inatoa 4; x = 1 haina jibu, mtoto anaiacha wazi kisha anavuka katikati kwa mstari ulionyooka. Angejaribu 0,9 angepata −40, na 1,1 angepata 40. Ni vipande viwili visivyokutana, na pale x = 1 unachorwa mstari wa wima wa vidotidoti, ambao mkunjo unaukaribia bila kuugusa. Kanuni tunayoishika sisi: namba inayofanya sehemu ya chini kuwa sifuri itafutwe kabla ya jedwali.

Mihimili nayo ina ugonjwa wake. Mwanafunzi ana jedwali la x = 0, 1, 2, 5, 10, anaziandika kwenye mhimili kwa nafasi sawa, kana kwamba kutoka 2 hadi 5 ni hatua ileile ya kutoka 1 hadi 2. Mstari y = 2x + 1 unapinda, naye anatafuta kosa kwenye hesabu ambayo haina kosa.

Mpangilio wa jozi (x; y) tuuguse kidogo tu, maana simu imeuvuruga. Kwenye jozi yetu x inatangulia. Simu ikikuonyesha mahali ulipo, inatanguliza latitudo, ambayo ndiyo y: Lubumbashi ni kama −11,66 na 27,48. Kwenye karatasi inaandikwa (27,48; −11,66), kulia na chini ya sifuri. Anayenakili kama alivyoona simuni ameuhamishia mji wetu jangwa la Sahara.

Programu ya kuchora grafu iitwayo GeoGebra ni ya bure, na ikishapakuliwa inafanya kazi bila intaneti. Tunaipendekeza kwa kusahihisha, si kwa kuanzia. Andikeni humo y = 1000 − 20x na huenda msione chochote, kwa kuwa dirisha linalofunguka linaonyesha namba ndogo za karibu na sifuri, na mstari uko juu mno. Lazima ujue 50 na 1000 ndipo ujue dirisha ulifungue kiasi gani. Isitoshe, kwenye chumba cha Exetat simu haiingii. Maswali ya pale ni ya kuchagua jibu, na mara nyingi kuweka x = 0 peke yake kunafuta machaguo mawili au matatu bila kuchora lolote.

Sasa ombi letu kwenu, Bwana Mhariri. Picha za grafu mnazozichapa zinabanwa ubavuni ili ziingie kwenye safu ya gazeti. Mistari y = 2x na y = −x/2 inakutana kwa digrii 90. Ikibanwa hata urefu wa hatua moja ya x ukawa nusu ya ule wa hatua moja ya y, kipimapembe kinasoma karibu digrii 59, na duara x² + y² = 25 linakuwa yai. Mwanafunzi akipima anaona kitabu kinasema hivi na gazeti linasema vile. Anayepanga kurasa apunguze picha kwa kiasi kilekile pande zote mbili, na chini ya kila mchoro muandike kipimo: mraba mmoja ni ngapi kwa x, ni ngapi kwa y. Pale ambapo vipimo viwili vinabidi kutofautiana, kama kwenye tanki, muandike hilo pia, ili mtu asihangaike kupima pembe ambazo hazipimiki.

Walimu wa hisabati,
Katuba, Lubumbashi