Daftari la Wodini

Mwanangu mpenzi,

Hapa nyumbani hatujambo, bibi yako anakusalimu sana. Jumapili uliponiambia kwenye simu kuwa daktari wa meno aliyekuja shuleni kwenu amekuuliza mbona magego mawili ya juu kushoto hayapo, nawe ukamjibu, "Labda nilianguka utotoni," sikupata usingizi. Hukuanguka, baba. Uliugua saratani ya taya. Nilikuwa nasubiri ukue nikueleze, kumbe umeshakua.

Ulikuwa na miaka 6, tukiishi Sengerema. Gego likaanza kucheza. Mtoto wa umri ule akitikisika jino hakuna anayeshtuka, lakini yanayotangulia kung'oka ni ya mbele, na lako lilikuwa la nyuma kabisa. Fizi ilivimba bila kuuma, na huko kutouma ndiko kulikonidanganya. Nilikupeleka zahanati moja, wakaling'oa, wakatupa vidonge. Siku ya nne likacheza la pili na shavu likajaa kama umefumbata embe bichi mdomoni. Tukarudi, wakang'oa tena. Sikuuliza hata swali moja. Kisha nikakaa na wewe siku nyingine nikikukanda kwa majani, maana watu walisema umetupiwa kitu. Wiki mbili zikapita hivyo, kwa ugonjwa ambao seli zake huongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu. Mpaka leo zinaniuma wiki zile.

Aliyetuzindua ni bibi yako. Alikuwa anakunywesha uji asubuhi, akaniita: "Hebu njoo umtazame mtoto, jicho hili mbona limetokeza?" Mchana huohuo tulikuwa kwenye kivuko cha Busisi, nimekupakata, tunaelekea hospitali ya Bugando, Mwanza. Ninyi siku hizi mnapita darajani dakika chache. Siku ile maji yale niliyaona hayana mwisho.

Daktari hakugusa jino. Alikupapasa shingo na tumbo, akataka picha ya tumbo ya ultrasaundi, kwani ugonjwa huu hupenda kujificha kwenye figo pia. Wakachukua kinyama kutoka kwenye uvimbe wakakipime kwa darubini, wakapima na maji ya uti wa mgongo. Majibu yakaja: limfoma ya Burkitt, yaani saratani ya seli za kinga za mwili. Nilidhani sasa watakukata taya, kwa sababu nilikuwa nimemwona mzee mmoja, mtumiaji wa ugoro wa miaka mingi, aliyeondolewa nusu ya taya la chini. Daktari akaniambia, "Mama, ya mzee ni nyingine. Hii ya mtoto haikatwi, inayeyuka kwa dawa."

Kuyeyuka huko nako kuna hatari yake. Seli zikifa nyingi kwa mkupuo, takataka zake humwagika kwenye damu na kuziba figo. Ndiyo maana ulitundikiwa dripu usiku na mchana, na mimi nikapewa jagi la plastiki lenye mistari, nipime kila tone la mkojo wako na kuandika. Nilinunua daftari la kurasa 48. Saa 2 usiku, mililita 200. Saa 5, mililita 150. Saa 8, 90, nikakimbia kumwamsha nesi. Sijawahi kufurahia kitu kama nilivyofurahia jagi lile likijaa alfajiri. Siku ya tano ngozi ya shavu ilikuwa imelegea, na chini yake nikauona tena mfupa wa uso wako.

Zilikuwa awamu 6 za dawa. Nyingine zilichomwa mgongoni ili ugonjwa usipande kichwani. Nesi alikukunja kama jongoo, magoti kifuani, nawe ukiniambia nikuhesabie mpaka 20. Nywele ziliisha. Mdomo ulitoka vidonda, ukawa unasukutua maji ya chumvi na kunywa uji uliopoa. Ukipata homa hata kidogo, tulirudi hospitali usiku uleule.

Kuhusu ule uvumi wa kutupiwa, daktari alinikalisha chini. Alinisimulia habari za Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, aliyeonyeshwa mtoto pale hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957, taya limevimba pande zote nne. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakaenda maili kama 10,000 wakiuliza hospitali kwa hospitali nani amewaona watoto wa namna ile. Wakakuta ugonjwa unafuata nchi za joto na mvua, zenye malaria. Mwaka 1964 kule London, Epstein, Achong na Barr wakakiona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Hupita kwenye mate, na huku kwetu karibu kila mtoto hukipata angali mdogo; malaria ya mara kwa mara ndiyo inayoudhoofisha mwili ushindwe kukidhibiti. Kwa hiyo ukisikia ndugu yeyote anamtaja jirani yetu kwa ubaya, mwambie mama amekataa.

Ugonjwa huu ukirudi baada ya matibabu, mara nyingi hurudi mwaka wa kwanza. Wewe ulipimwa miaka miwili bila doa. Mbegu za yale magego ziliharibika palepale kwenye uvimbe, ndiyo maana hayakuota. Mweleze hivyo daktari wa meno, na kila daktari atakayekutibu: ugonjwa, umri, na kwamba ulipewa dawa za saratani. Usione haya. Majina ya dawa zote nimeyanakili upande wa nyuma wa barua hii.

Daftari nalo nimeliweka kwenye bahasha. Usilipoteze, sina jingine. Kurasa za mwisho hazina vipimo: ulinipokonya kalamu ukachora mitumbwi ya baba yako, saba, na dripu imetundikwa kwenye mlingoti wa mmoja.

Mama yako