Seti za samani za wanasesere zianze na msasa, si gundi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazungumzie maseremala wa soko la Kibuye, pamoja na wazazi wa hapa Kisumu wanaowanunulia watoto samani ndogo za nyumba za wanasesere, zile zinazouzwa zikiwa vipande ndani ya boksi. Kuunganisha viti, kabati na vitanda vya namna hiyo ni njia nzuri ya kujifunza useremala. Hata hivyo, karatasi ya maelezo katika seti nyingi nilizoziona ni michoro mitupu inayompeleka mtoto moja kwa moja kwenye gundi, na suala la rangi anaachiwa alifikirie mwenyewe kazi ikishakwisha.

Utaratibu huo uko kichwa chini miguu juu. Gundi nyeupe ya mbao ikikauka huziba vinyweleo vya ubao, yaani vitundu vyake vidogo, kwa hiyo rangi ya kupenya, ile inayozama ndani ya ubao badala ya kukaa juu yake, ikipakwa baadaye haiingii pale gundi ilipofurika, na kila kiungo hubaki na baka lililopauka. Fundi anayeijua kazi huvipanga vipande kwanza bila gundi ili aone kama vinaingiana, akavipiga msasa namba 220 na kisha 400, ulio laini zaidi, kwa kufuata nyuzi za ubao, akavipangusa vumbi na kuvipaka rangi, ndipo akaviunganisha kwa tone dogo la gundi na kuvishikiza kwa vibanio vya nguo. Vanishi huja mwisho, nyembamba, na kati ya tabaka moja na jingine msasa laini hupitishwa tena kwa mkono mwepesi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni makuu kwa kitu cha kuchezea. Wapige hesabu. Kipimo kilichozoeleka ni 1:12, yaani kila sentimita 12 za kitu halisi huwa sentimita 1, na ndicho kilichotumika katika nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyosanifiwa na Edwin Lutyens na kukamilika mwaka wa 1924. Kwa kipimo hicho, meza ya kimo cha sentimita 75 huwa na sentimita 6.25 tu, na mwanya wa milimita 1 kwenye kiungo ni sawa na mwanya wa milimita 12 katika meza ya kawaida, ambayo hakuna mteja wa Kibuye angeilipia. Rangi nzito ya mafuta nayo hufukia nakshi zote.

Ombi langu kwa maseremala wetu ni kwamba seti hizi zikatwe hapahapa, kutokana na masalio ya mbao ambayo aghalabu huishia jikoni. Mvule haufai sana, ingawa ni mbao ya heshima, kwa sababu vinyweleo vyake vikubwa huonekana kama mifereji juu ya kiti cha sentimita 7. Sipresi isiyo na mafundo ingefaa zaidi. Vipande viuzwe bila rangi, na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, hatua kwa hatua. Ndani ya kila boksi kitiwe pia kijipande cha ubao uleule cha kujaribia, kwa kuwa rangi ya kupenya haionyeshi sura yake halisi mpaka ikauke na kupakwa vanishi.

Mpenzi wa useremala,
Kisumu