Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Kaunti ya Lamu: programu ni ya bure, tunachoomba ni ruhusa

Mheshimiwa Waziri,

Asalaam aleikum. Mimi ni mkazi wa Langoni, sioni, na nakuandikia kuhusu jambo lisilohitaji zabuni wala kungoja bajeti ya mwaka ujao. Naomba kompyuta za vyuo vya ufundi vilivyo chini ya kaunti, na zile zilizowekwa na kaunti kwa matumizi ya wananchi, ziwekwe programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA.

NVDA husoma kwa sauti yale yaliyoandikwa kwenye skrini ya kompyuta yenye Windows. Aliyeianzisha mwaka 2006 ni Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Programu iliyovuma wakati huo kwa kazi hii, JAWS, ilikuwa ya kulipia, na hadi leo leseni yake inauzwa. Curran na mwenzake James Teh, ambaye pia haoni, waliamua yao itolewe bure, na shirika lao la NV Access linaiendesha kwa msaada wa michango. Wala si ile bure ya kujaribishwa mwezi mmoja kisha ukadaiwa. Ukishaipakua ni yako, unaweza kumpa jirani, na hata msimbo wake, yaani maandishi ya ndani yaliyoiunda, uko wazi kwa anayetaka kuukagua.

Kwa ambaye hajaiona ikitumika: kipanya hatukigusi. Kazi yote ni ya kibodi. Nikiwa kwenye tovuti nabonyeza H naruka kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kingine. Nikishika Insert pamoja na T natajiwa dirisha nililomo. Maneno yakinichosha nagonga Control, inanyamaza papo hapo (laiti baadhi ya mikutano yetu ingekuwa na kitufe hicho). Sauti inayokuja nayo, eSpeak, inajua Kiswahili. Ni kavu, haina madaha, na sisi tuliozoea tunaiharakisha mpaka anayepita huuliza ni lugha gani hiyo. Lakini inaeleweka, mradi fundi asiiache kwenye Kiingereza, maana hapo itakusomea Kiswahili usikitambue.

Sasa tatizo. Kompyuta za umma hufungwa, na kuongeza programu kunataka neno la siri la msimamizi. Nimewahi kuomba katika chuo kimoja, ambacho sitakitaja, nikaambiwa programu za nje haziruhusiwi kwa sababu ya virusi, ila nikitaka nije na laptopu yangu. Mwenye laptopu yake angefuata nini pale?

Najua utaambiwa kuna njia ya flashi. Ipo. NVDA inaweza kukaa kwenye flashi, ukaichomeka na kuiendesha bila kuiweka kwenye mashine. Tumeitumia sana na tunashukuru. Lakini mahali pengi matundu ya flashi yamezimwa kwa hofu ile ile ya virusi, na hata yakiwa wazi, NVDA ya flashi haisemi kitu kwenye ule ukurasa wa kuingilia, kabla hujaandika jina na neno lako la siri. Basi mwanafunzi humwita mwenzake amwandikie. Kila siku anamtajia mtu mwingine neno lake la siri, kwa sauti, darasani. NVDA iliyowekwa kwenye mashine yenyewe huanza kuzungumza kuanzia ukurasa huo huo, naye anaingia peke yake.

Fundi atakwambia pia kwamba Windows ina kisoma skrini chake, Narrator. Kweli, na pale ambapo haijazimwa hutuvusha. Ila wengi wetu tumejifunzia NVDA, na anayefundisha mwenziwe hapa kwetu anamfundisha hiyo. Kukaa zote mbili kwenye kompyuta moja hakuna ubaya.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Sikitaji kwa kukutisha, Mheshimiwa. Haki nyingi za kifungu hicho zinataka fedha, na naelewa kaunti yenye visiwa, ambako kufikisha hata saruji ni hesabu ya mashua na punda, haina fedha za kumwaga. Hii haitaki fedha zaidi ya vipokea sauti vya masikioni na muda wa fundi. Inataka waraka wako mmoja kwa wakuu wa vyuo: iwekwe, iwake kuanzia ukurasa wa kuingilia, isiondolewe kompyuta ikisafishwa. Hilo la mwisho nalitilia mkazo, kwa kuwa mtaalamu mgeni akija huona programu asiyoijua akaifuta.

La pili ni dogo, lakini linatuuma. Matangazo ya kazi na ya basari huchapishwa, yakatiwa sahihi na muhuri, kisha yakapigwa picha na kurushwa mtandaoni. Kwa NVDA picha ni picha. Haina la kusoma. Ninaweza kuiamuru ijaribu kutambua herufi, lakini jedwali hurudi limechanganyika, na muhuri ukikaa juu ya tarehe ya mwisho, tarehe inapotea. Faili ile ile ya Word iliyoandikwa na karani, kabla ya kuchapishwa, ingesomeka yote. Iwekwe pamoja na picha.

Niko tayari kuvuka hadi Mokowe kuketi na mafundi wako asubuhi moja na kuwaonyesha. Sitaki posho. Na jibu lako, Mheshimiwa, ukilituma, naomba lije kwa maandishi ya kawaida, lisiwe limepigwa picha.

Wako,
Mkazi wa Langoni, Lamu