Kanuni ya Mzee isiuzwe

Mchangani, Unguja

Shoga yangu Asya,

Assalaam aleikum. Wa nyumbani wote hawajambo? Huku tu wazima, alhamdulillahi, ila masika yametutoboa paa. Tangu arubaini ya Mzee hujaniletea hata mstari mmoja. Sikulaumu, msiba una siku zake. Lakini leo nimeshindwa kunyamaza.

Jana pale Darajani nimekutana na yule mtoto wa Bi Mwana, kashuka na boti ya Mkoani. Kaniambia Hamadi anataka kuiuza kanuni ya Mzee, kile chombo chake cha nyuzi cha taarabu, kwa watu wa hoteli, waitundike ukutani iwe pambo. Asya, ni kweli? Nimerudi nyumbani mikono mitupu, samaki niliomfuata nimemsahau.

Naijua mno kanuni ile. Nikija kwenu alasiri, Mzee ameshaipakata, amevaa pete zake kwenye vidole vya shahada, amechomeka vile vipande vya kudonolea. Robo saa nzima hapigi kitu, anakaza nyuzi tu. Kila sauti ina nyuzi tatu, na zote tatu lazima ziseme neno moja. Ukizihesabu zote zinapita sabini. Wewe ukinung'unika kwamba leo hapigi, nami nikitamani asimalize. Na ile ngozi ya samaki chini ya daraja la nyuzi, alivyokuwa akitukemea tusiiguse! Akisema sauti yote imelala pale.

Sasa sikiliza. Salma wangu anajifunza kanuni, mwaka wa pili huu, pale Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Wewe ulikuwa umeshahamia Wete huko Pemba kilipoanza kufundisha mwaka 2002, pale Forodha ya zamani, Mizingani. Ungekuwepo ungeona ajabu. Zama za Mzee kujifunza kulikuwa kukaa karibu na fundi klabuni, usiku baada ya usiku, kumwangalia vidole. Mwanamke aliimba, kupewa chombo ilikuwa nadra. Leo watoto wa kike wanashika udi, wanashika fidla, besi kubwa kuliko wao wenyewe, na wanasoma noti. Kundi la Tausi hao, wanawake watupu, wanapiga taarabu wenyewe mwanzo mpaka mwisho. Siti binti Saad alitoka Fumba, akafika Bombay mwaka 1928 kutia sauti kwenye sahani za santuri, na hakuwahi kuona darasa la muziki. Nikimsikia Salma akipiga bashrafu, ule muziki wa vyombo vitupu usio na maneno, namfikiria yeye.

Lakini chuo kile si duka. Ada za watoto haziwezi kukiendesha, kinaishi kwa misaada, na mwaka 2019 misaada ilipopungua kilikaribia kufungwa. Siku zile nilikuwa sipati usingizi. Niliwaza wazee wetu wanatutoka mmoja mmoja, na kilichomo vidoleni mwao wanaondoka nacho. Mzee naye ameondoka, Allah amrehemu. Kanuni imebaki.

Juzi usiku nimemkuta Salma jikoni, amepakata ubao wa kukatia mboga. Ameuchora mistari ya penseli, mitatu mitatu, anadonoa kimya kimya huku midomo inahesabu. Nyumbani hatuna kanuni, na hiyo si kitu cha kununuliwa kwa pesa zetu. Nilisimama mlangoni nikashindwa hata kumwambia akalale.

Siiombi iwe ya Salma. Naomba itolewe amana, waitumie wanaojifunza, yeye akiwa mmoja wao, na jina la Mzee liandikwe ndani ya sanduku. Siku mkiitaka, irudi kwenu. Mzee mwenyewe ndiye aliyetusimulia jinsi Sayyid Barghash, Sultani wa zamani, alivyompeleka Mohammed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, akarudi akawafundisha wenziwe. Basi chombo kile kimekolea Unguja kwa sababu mtu alilipiwa akasome. Mzee akilisema hilo kwa fahari kama vile safari ilikuwa yake. Ukutani mwa hoteli nani atamsimulia mgeni habari hiyo?

Hamadi sina ugomvi naye. Najua nyumba ya Wete inataka mabati, na hoteli inalipa taslimu. Mwambie upatu wangu unaniangukia mwezi ujao; nitampa wote, na pesa itakayopungua tutaichangisha sisi tuliokuwa tukija kusikiliza barazani. Hata Shaame atatoa, pamoja na maneno yake yote.

Nijibu upesi. Iko ndani ya sanduku lake au imeachwa wazi? Panya hawajaifikia ile ngozi? Nyuzi ngapi zimekatika? Zile pete mbili, ziko wapi? Usije ukazitoa pamoja na nguo za marehemu. Hamadi ameshachukua pesa yoyote kwao, au ni mazungumzo tu? Utasema naye wewe, au nije mwenyewe? Na ikiwa mtakubali, ndani ya boti nani ataipakata? Maana chini ya magunia ya karafuu haikai.

Nasubiri simu yako.

Shogayo,
Zuleikha