Bustani ndogo ipewe mishiri inayopanda fito

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nipinge ushauri uliozoeleka mno miongoni mwetu tunaolima bustani za nyumbani, kwamba mwenye eneo dogo apande mishiri, yaani maharagwe yanayoliwa pamoja na maganda yake machanga, iliyo mifupi, na ile inayotambaa na kupanda fito awaachie wenye mashamba. Ushauri huo unatazama urefu wa mmea na kusahau ukubwa wa ardhi, ilhali kinachopungua katika bustani ndogo ni ardhi.

Mshiri mfupi hukua hadi sentimita 40 au 60 na kusimama wenyewe, jambo linalowavutia wengi kwa sababu haudai kazi ya kusimika chochote. Hata hivyo, hutoa maua yake karibu yote kwa mkupuo mmoja. Huanza kuchumwa siku 50 hadi 60 hivi baada ya kupandwa, na wiki mbili au tatu baadaye nguvu zake huwa zimekwisha, kwa hiyo anayetaka mboga mfululizo hulazimika kupanda mstari mpya kila mara, na kila mstari hudai nafasi yake. Mshiri unaotambaa huchelewa kidogo kuanza, lakini huendelea kurefuka hadi kupita mita 2 huku ukichanua upya kadiri unavyopanda, na ukitunzwa vizuri huweza kuzaa kwa muda wa miezi miwili. Fito nane zilizosimikwa kwa duara na kufungwa pamoja kileleni hutosheka na eneo lenye upana wa mita moja.

Kutunza huko, kwa sehemu kubwa, ni kuchuma. Maganda yachumwe kila baada ya siku mbili au tatu, yangali machanga kiasi cha kuvunjika kwa mlio yakikunjwa, kabla punje hazijavimba ndani, kwani mmea ukishakomaza mbegu hupunguza kutoa maua. Anayeweza kwenda bustanini mara moja tu kwa wiki hatafaidi mishiri mirefu, na huyo simlaumu akichagua mifupi. Uchumaji wenyewe ni mwepesi zaidi kwenye fito, maana maganda huning'inia mbele ya macho, mbali na matope yanayorushwa na mvua, na upepo hupita kati ya majani na kuyakausha mapema, hivyo magonjwa ya ukungu kama chule hayapati unyevu wa kudumu.

Kazi ya kusimika fito haifai kuogopwa, ila ifanywe kabla ya kupanda mbegu, kwa kuwa mizizi ya mishiri haiendi chini sana na hukatika kwa urahisi ardhi ikichomwa baadaye. Fito za mita 2.5, zikizamishwa sentimita 30 hivi, zinatosha, na za mti wenye gamba la kukwaruza zinashikika kuliko za plastiki laini. Mche ukishindwa kuifikia fito, usaidiwe kwa kuzungushwa kinyume cha mwendo wa saa, kwa anayetazama kutoka juu, kwa sababu huo ndio mkondo wake wa asili, na ukizungushwa upande mwingine hujifungua na kuanza upya. Fito hizo zisimikwe upande ambao kivuli chake hakitaangukia mboga fupi.

Siikatai mishiri mifupi moja kwa moja. Mahali penye upepo mkali, mahali ambapo msimu wa joto ni mfupi, na kwa mtu anayetaka mavuno mengi kwa wakati mmoja ili ayahifadhi, hiyo ndiyo bora. Ninachokataa ni kuifanya chaguo la kwanza kwa kila mwenye kipande kidogo cha ardhi.

Ombi langu kwa waandishi wa safu za kilimo, na kwa wanaofungasha mbegu, ni kwamba waeleze waziwazi aina wanayoizungumzia au kuiuza, kwa sababu punje za aina hizi mbili ni vigumu kuzitofautisha kwa macho, na anayegundua tofauti baada ya miche kuanza kurefusha vikonyo huwa amekwisha kuchelewa kusimika fito bila kuiumiza mizizi.

Msomaji wako,
Mkulima wa bustani