Wazazi wenzangu, tuchangie maji na kiwanja

Jamani habari za saa hizi, hii msiipite kama zile meseji za asubuhi njema. Kamati ya wazazi tunaomba elfu kumi kila mzazi, mwenye nacho aongeze, na hela inaenda kwenye vitu viwili tu, tanki la lita 5,000 na bomba zake za maji ya kunywa, halafu kukirudisha kiwanja cha shule cha kuchezea watoto.

Angalieni watoto wetu wa hapa Dar. Asubuhi bajaji, mchana bajaji, mapumziko wamejibanza kivulini maana kiwanja kimekuwa parking na rundo la mchanga wa ujenzi, wakirudi home ni TV na simu, na sisi tunachekelea eti kibonge wetu, ana afya. WHO wanataka mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate wastani wa dakika 60 za kutoka jasho kila siku, wetu watazitolea wapi? Bomba lililopo linatoa maji ya chumvi, so mwenye hela anakimbilia kola, chupa moja sukari yake haipungui vijiko vya chai 7.

Amsterdam jiji lenyewe lilijifunga mkanda, shuleni maji au maziwa basi, bomba za kunywa zikaongezwa, matamasha yanayodhaminiwa na kampuni za fast food yakanyimwa hela ya jiji, na kati ya 2012 na 2015 watoto wenye uzito uliozidi wakashuka kutoka asilimia 21 hadi 18.5. Najua wenzetu wana hela, ila bomba ni bomba. Hata hapa Dar mradi wa SARSAI wa njia za miguu na matuta karibu na shule za msingi ulipewa tuzo ya kimataifa ya miji, ile ya WRI Ross, 2019, maana barabara ikiwa salama mzazi anamwachia mwanae atembee. Barabara yetu tunaendelea kuifuatilia manispaa, sisi tuanze na ndani ya geti.

Kuhusu akina mama wanaouza getini, kuna waliosema wafukuzwe, mi nimekataa, wengi wao ni wazazi humu humu na wanauza kinachonunulika. Tumekubaliana waongeze tikiti, machungwa na mahindi ya kuchemsha. Barafu za ukwaju zimebaki, tusidanganyane hata mimi nazipenda.

Hela mpe mweka hazina wa darasa la mwanao, daftari la michango liko wazi ofisini kila Ijumaa. Ambaye mfuko umegoma aje na nguvu, Jumamosi saa 1 asubuhi tunasomba ule mchanga, beleshi tunazo, toroli ndo hamna kabisa.